Kumleta Mwenzi wa Kigeni Nyumbani Uganda: Cheti Kwanza, Viza Baadaye

Tangu mke wangu ahamie Mbale kutoka Ethiopia, ndugu na marafiki wenye wachumba wa kigeni huniuliza swali moja: viza ya mke, au ya mume, inaombwa wapi? Nami huwarudishia swali jingine: cheti chenu cha ndoa kinasemaje, na majina yaliyomo yanafanana na yale ya pasipoti? Wengine hudhani nakwepa kujibu, kumbe ndilo jibu lenyewe. Viza ni hatua ndogo, inayoombwa kwa simu ukiwa umeketi sebuleni. Kinachochukua miezi ni kuthibitisha mambo matatu ambayo kila ofisi itayataka: kwamba wewe ni raia wa Uganda, kwamba mwenzako ndiye huyo anayejitaja, na kwamba ninyi wawili mmeoana kwa ndoa inayotambuliwa na sheria. Nyaraka za mambo hayo matatu zikipatana, safari huwa nyepesi. Zikipingana hata kwa herufi moja, utaijua Barabara ya Jinja, yaliko makao ya Kurugenzi ya Uraia na Udhibiti wa Uhamiaji, kuliko unavyoijua njia ya kwenu.

Nitangulize jambo moja kwa wasomaji wenzangu wa Kiswahili. Baraza la Mawaziri liliafiki mwezi Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi ya nchi, lakini fomu za ndoa na za uhamiaji bado zinajazwa kwa Kiingereza, na nyaraka zilizoandikwa kwa lugha nyingine yoyote lazima zitafsiriwe kwa Kiingereza. Kama mwenzako hakijui, keti naye msome fomu yote pamoja kabla hajatia saini, kwa kuwa baadaye anaweza kuulizwa mambo yaliyoandikwa humo, na itamlazimu ajibu kwa kinywa chake mwenyewe.

Ndoa ambayo ofisi itaikubali

Sheria za Uganda zinatambua ndoa ya kanisani, ndoa ya kiserikali mbele ya msajili, ndoa ya Kiislamu, ndoa ya Kihindu na ndoa ya kimila. Hakuna iliyo bora kuliko nyingine machoni pa uhamiaji, ila kila moja ina namna yake ya kuingizwa katika daftari la serikali, na hapo ndipo wengi hukwama. Ofisi inayoshughulikia usajili wa ndoa nchini inajulikana kwa herufi URSB, na makao yake yako Kampala.

Ndoa ya kimila ndiyo inayowapotosha watu zaidi. Mtu hufanya kwanjula, yaani sherehe ya utambulisho nyumbani kwa kina bibi harusi, ya kifahari, vikapu vya matunda vikapangwa uani, mahari ikatolewa, wazee wakabariki, na picha mia tatu zikapigwa. Kisha huzipeleka picha hizo kwa afisa wa uhamiaji na kuambiwa alete cheti. Kimila, na hata kisheria, huenda ndoa hiyo ni halali kabisa, lakini sheria ya usajili wa ndoa za kimila ya mwaka 1973 inawataka wanandoa waende katika ofisi ya kaunti ndogo au ya mji mahali ndoa ilipofungwa, pamoja na mashahidi wawili, ndani ya miezi sita, ndoa isajiliwe na cheti kitolewe. Bila cheti hicho afisa hana cha kuambatisha kwenye faili lako. Basi kama mmefanya kwanjula tu, nendeni mkasajili kwanza.

Waliofunga ndoa kanisani au msikitini wasidhani cheti walichopewa siku ile kinamaliza mambo. Kiongozi wa dini anayefungisha ndoa anapaswa kupeleka taarifa ya ndoa hiyo serikalini, na si wote wanaofanya hivyo kwa wakati. Nendeni URSB mkahakikishe kwamba ndoa yenu imo katika daftari, kisha mchukue nakala iliyothibitishwa kwa muhuri. Ni bora mkagundua kasoro wakati mnaishi bila haraka, kuliko kuigundua siku kibali cha mwenzako kinapobaki na wiki mbili.

Sisi tulichagua ndoa ya kiserikali. Utaratibu wake ni wazi, ingawa unahitaji kuhesabu siku. Mnatoa notisi ya kusudio la kuoana, na notisi hiyo hubandikwa hadharani kwa siku 21 ili mwenye pingamizi ajitokeze. Siku hizo zikipita bila pingamizi, msajili hutoa ruhusa, na ndoa yenyewe lazima ifungwe kabla ya miezi mitatu kupita tangu tarehe ya notisi. Mkichelewa mnaanza upya. Kwa mwenzi aliyekuja kama mgeni wa muda mfupi, siku 21 ni nyingi, kwa hiyo msikate tiketi ya ndege ya kurudi kabla ya kuzihesabu. Raia wa Uganda ataombwa kitambulisho cha taifa na barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, wa anakoishi. Mgeni ataombwa pasipoti na hati kutoka nchi yake inayoshuhudia kwamba hana ndoa nyingine.

Hati hiyo ya mwisho ndiyo iliyotusumbua, nami namshauri kila mgeni aitafute akiwa bado kwao. Kuipata akiwa Kampala kunahitaji kumtuma ndugu aende ofisini kwa niaba yake akiwa na barua ya uwakilishi, na kila nchi ina masharti yake kuhusu barua za namna hiyo. Tena hati ikitoka nje ya Uganda haitoshi ilivyo. Inapaswa kutafsiriwa, kugongwa muhuri na wizara ya mambo ya nje ya nchi ilikotoka, kisha kuthibitishwa na ubalozi. Mlolongo huohuo wa mihuri unahusu cheti cha ndoa iliyofungwa ng'ambo.

Niseme na jambo ambalo watu huliongea kwa sauti ya chini. Ndoa ya kiserikali na ile ya kanisani ni za mke mmoja na mume mmoja. Mwanamume aliyekwisha kumwoa mwanamke mwingine kwa mila kijijini, hata kama hawaishi pamoja tena, hawezi kwenda kwa msajili akaapa kwamba yuko huru. Kufanya hivyo ni kosa la jinai, na notisi ya siku 21 imewekwa kwa ajili ya watu kama huyo. Ndoa ya kwanza ivunjwe kwa njia ya sheria, ndipo ya pili ianze.

Majina na tarehe

Hapa nitakawia, kwa sababu hapa ndipo tulipopoteza miezi minne.

Sisi Waganda wengi tuna majina mawili, la ukoo na la dini, na tunayapanga vyovyote: kwenye kitambulisho la ukoo linatangulia, kwenye cheti cha shule linafuata, na kwenye cheti cha ubatizo kuna la tatu lisiloonekana kwingine. Tumezoea, wala hatuoni tatizo. Waethiopia nao hawana jina la ukoo kabisa. Mtu huitwa kwa jina lake, likifuatiwa na jina la baba yake, halafu la babu yake. Mke habadilishi jina anapoolewa, na ndugu wa baba mmoja hushiriki jina la baba na la babu tu. Fomu yetu ina kisanduku cha jina la ukoo, na lazima kijazwe. Afisa mmoja aliandika jina la baba, mwingine la babu, na mfasiri aliyelinakili kutoka hati za Kiamhari akaliandika kwa herufi ambazo hazikufanana na za pasipoti, kwa kuwa sauti moja ya Kiamhari yaweza kuandikwa kwa herufi zetu kwa namna mbili au tatu. Kwa karatasi zile, mke wangu alikuwa watu watatu.

Tarehe ya kuzaliwa ilikuwa kisa kingine. Ethiopia hutumia kalenda yake yenye miezi 13, ambayo iko nyuma ya hii yetu kwa miaka saba au minane kutegemea mwezi. Aliyezaliwa mwaka wao wa 1984 kwetu amezaliwa 1991 au 1992. Mfasiri alinakili mwaka kama ulivyoandikwa bila kuubadilisha, na ghafla mke wangu akawa mzee kuliko dada yake mkubwa. Tulicheka nyumbani; ofisini hakuna aliyecheka.

Ushauri wangu basi ni huu. Fanyeni pasipoti ya mgeni iwe ndiyo mizani, na kila karatasi nyingine iandikwe kama pasipoti inavyosema, herufi kwa herufi na kwa mpangilio uleule. Mpeni mfasiri nakala ya pasipoti kabla hajaanza kazi. Upande wa Mganda, mizani iwe kitambulisho cha taifa. Kama kina kosa, nenda NIRA, ofisi inayotoa vitambulisho vya taifa, ukakirekebishe kabla ya kutoa notisi ya ndoa, kwa maana cheti cha ndoa kikishaandikwa kwa jina lenye kosa, kulirekebisha ni kazi mara mbili. Pale ambapo tofauti haiwezi kuondolewa, kwa mfano hati ya zamani ambayo ofisi iliyoitoa haipo tena, wakili ataandaa hati ya kiapo inayoeleza kwamba majina haya na haya ni ya mtu mmoja. Msiitumie hati ya kiapo kama dawa ya kila ugonjwa, maana faili lenye viapo vitano humfanya afisa yeyote ajiulize maswali. Na bibi harusi anayetamani kutumia jina la mumewe asifanye hivyo katikati ya mchakato. Asubiri kibali kitoke kwanza.

Kuingia nchini

Raia wa nchi nyingi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hawahitaji viza. Kwa itifaki ya soko la pamoja iliyoanza kutumika Julai 2010, mtu anayetoka Kenya, Tanzania au Rwanda anaweza kupewa ruhusa ya kukaa hadi miezi sita, na tangu mwaka 2014 Wakenya na Wanyarwanda wanaruhusiwa kuingia Uganda kwa kitambulisho tu. Hata hivyo, kama unamleta mke kutoka Kisumu au mume kutoka Kigali, mwambie avuke kwa pasipoti na ahakikishe imegongwa muhuri pale Busia, Malaba au Katuna. Muhuri huo ndio ushahidi wa siku aliyoingia, na ombi la kibali cha kukaa litauhitaji. Sisi watu wa mpakani tuna mazoea ya kuvuka kwenda kununua vitunguu bila kumwona afisa yeyote. Mazoea hayo yamewaponza wake wengi, kwani ukaguzi ukifika nyumbani hakuna karatasi inayoonyesha kwamba mtu huyo aliwahi kuingia.

Mgeni wa kutoka kwingineko, ambaye nchi yake haimo katika orodha ya waliosamehewa viza, ataomba mtandaoni kabla ya kusafiri. Tovuti halali ya serikali humalizikia kwa go.ug, nyingine zinazofanana nayo kwa rangi na nembo ni za watu wanaotoza ada yao juu ya ile ya serikali, au wanaotoza tu bila kuleta chochote. Viza ya kuingia mara moja ni dola 50. Ipo pia viza ya pamoja ya watalii ya dola 100, inayomruhusu mtu kuzunguka Uganda, Kenya na Rwanda kwa siku 90, lakini hiyo imetengenezwa kwa ajili ya watalii, nami simshauri mtu anayekuja kuanza maisha aitumie. Pasipoti iwe na uhai wa miezi sita au zaidi. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kinahitajika, na chanjo hiyo huanza kuhesabiwa kuwa na nguvu siku kumi baada ya kuchomwa, kwa hiyo asichanjwe mkesha wa safari. Aliyewahi kuchanjwa asirudie, kwani tangu mwaka 2016 cheti hicho kinahesabiwa kuwa cha maisha.

Anapofika Entebbe na kuulizwa anakuja kufanya nini, aseme kweli: namfuata mume wangu, na anwani yake ni hii. Wapo wanaowafundisha wake zao kusema ni watalii wanaokwenda kuona sokwe. Maneno hayo huingia katika kumbukumbu, kisha wiki tatu baadaye mtu huyohuyo anaomba kukaa kama mke. Mbona ujitie shaka ambayo haikuwepo?

Kibali cha kukaa

Mara nyaraka zinapokuwa tayari, anayeomba kukaa kwa sababu ya ndoa huomba pasi ya mtegemezi, yaani kibali cha anayekaa kwa kumtegemea mwenzi wake, kupitia mfumo uleule wa mtandaoni. Kwa kawaida utatakiwa kuweka pasipoti yake, picha, cheti cha ndoa, kitambulisho chako cha taifa na barua yako ukiomba mwenzi wako aruhusiwe kukaa nawe. Barua hiyo iandike mwenyewe kwa maneno machache: wewe ni nani, mnaishi kijiji gani, mlioana lini, unafanya kazi gani ya kuitunza nyumba. Barua ndefu za mapenzi hazimsaidii mtu, na zile za kunakiliwa hujulikana. Ambatisha barua ya LC1, na usiiendee kama mtu anayedai. Mpeleke mwenzi wako akamwamkie mwenyekiti, aandikwe katika daftari la kijiji, amjue. Mzee wetu wa LC1 alimuuliza mke wangu kama anakula malewa, yale machipukizi ya mianzi. Alijibu kwamba ameshajifunza hata kuyapika, na kuanzia siku hiyo hatukuwa na shida ya barua.

Malipo yoyote ya serikali yanafanywa kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo, ile inayoitwa PRN, kisha unalipa benki au kwa simu. Mtu anayetaka fedha taslimu mkononi, hata akiwa amesimama ndani ya ua wa ofisi na amevaa tai, ni mmoja wa bakayungirizi, yaani madalali, na stakabadhi yake haitakusaidia lolote. Ninawaelewa wanaowatumia, kwani foleni huchosha na mtu ametoka Arua au Kabale kwa basi la usiku. Ila nimewaona wawili walioletewa pasi zenye namba za watu wengine, na gharama ya kujisafisha ilizidi mara nyingi ile ya kulala Kampala siku tatu.

Hesabu siku za ruhusa ya mwanzo kama unavyohesabu siku za mkopo. Anayekaa bila kibali hutozwa dola 30 kwa kila siku iliyozidi, na mwezi mmoja wa kusahau ni dola 900. Ruhusa ikikaribia kwisha kabla pasi haijatoka, omba kuongezewa muda mapema, na utunze uthibitisho wa kila ombi uliloliwasilisha.

Pasi ikishatoka, msiisome kwa furaha hadi mkasahau mipaka yake. Pasi ya mtegemezi inamruhusu mtu kukaa, haimruhusu kuajiriwa; akipata kazi, sharti kipatikane kibali cha kazi kabla hajaianza. Vilevile kwa ardhi: asiye raia haruhusiwi kumiliki ardhi ya mailo, ule umiliki wa kudumu wa huko Buganda, wala ya umiliki huru, ila anaweza kukodi kwa muda usiozidi miaka 99. Watu wa mgeni wakituma fedha za kununua kiwanja, mkubaliane mapema jina la nani litaandikwa na kwa umiliki wa aina gani, kwa sababu ugomvi wa shamba huvunja nyumba ambazo uhamiaji haukuzivunja.

Mbele zaidi: uraia

Watoto wenu hawana haja ya kupitia haya. Ibara ya 10 ya Katiba ya mwaka 1995 inamhesabu kuwa raia kwa kuzaliwa kila mtu ambaye mzazi wake mmoja, au babu au bibi yake, alikuwa raia wa Uganda kwa kuzaliwa wakati yeye anazaliwa, hata kama amezaliwa Dubai. Wasajilini tu, mkawachukulie vyeti.

Mwenzi wa ndoa naye anaweza kuomba uraia kwa kusajiliwa chini ya ibara ya 12, awe mke au mume, akithibitisha ndoa halali inayoendelea. Katiba inataja miaka mitatu au muda mwingine utakaowekwa na Bunge, basi ulizeni ofisini muda unaotumika mnapoomba, na ujueni kabla ya kulipa ada. Uganda imeruhusu uraia pacha tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, lakini ruhusa ya upande mmoja haitoshi. Kenya inakubali tangu Katiba yake ya mwaka 2010. Tanzania, Ethiopia na Kongo hazikubali, na raia wa nchi hizo anayechukua uraia wa Uganda ajue kwamba anauacha wa kwao. Mke wangu ana mama mzee Bahir Dar, na mpaka sasa ameamua kubaki na pasi yake na kuihuisha kila inapokaribia kwisha. Sijamshinikiza.

Kwa anayeamua kuvuka, ibara hiyohiyo ina kifungu ambacho wengi hawakijui: aliyesajiliwa kuwa raia kwa sababu ya ndoa huendelea kuwa raia hata ndoa ikivunjwa, isipokuwa akiukana uraia huo mwenyewe. Mwenye pasi ya mtegemezi hana kinga hiyo, kwa kuwa pasi yake inasimama juu ya ndoa.